Kuvreli ya Bibi-arusi wa Buyenzi

Mimi nilizaliwa na mdomo. Mama alikuwa akisema mdomo huo ama utaniozesha mapema ama utaninyima mume kabisa, na haukufanya hata kimoja: ulinipatia kazi. Niliingia kwenye duka la vitambaa pale Buyenzi kununua zipu, nikamkuta mama mmoja amemng'ang'ania mwenye duka, eti kitenge chake kimechuja rangi, apewe kingine. Nikakishika kitenge, nikakinusa. "Mama, hii umeifua na javeli ya kutoa madoa," nikamwambia. "Hata mi ukinifua na javeli nitachuja." Watu wakaangua kicheko, mama akaondoka na kitenge chake akisonya. Mwenye duka, mzee Mwislamu wa ukoo wa zamani pale mtaani, mtu mpole wa kuumwa hata na kifaranga, akaniuliza kama najua kushona. Nikasema najua. Nilikuwa najua kidogo tu, lakini kesho yake asubuhi nilikuwa barazani kwake nyuma ya mashini ya mguu.

Ilikuwa vita. Nalisema hilo mara moja tu ili tusilirudierudie, maana hata sisi hatukuwa tunalitajataja. Mabomu yakilia kule milimani, tulikuwa tunaongeza mwendo wa miguu, basi. Siku ambazo mji ulifungwa hatukwenda kazini, siku ambazo ulifunguliwa tulikwenda. Saa ya kuvrefe ikikaribia, saa ya kila mtu kuwa ndani kwake, tulifunika mashini na kukimbia huku tumeshika viatu mkononi, tukitukanana kwa kucheka. Ukiniuliza leo miaka ile ilikuwaje, jambo la kwanza kunijia ni harufu ya kitenge kipya chini ya pasi ya makaa.

Barazani tulikuwa wanawake wa kila kona. Mkubwa wetu alikuwa Bibi, mkataji, mzaliwa wa Buyenzi, mtu wa swala zote tano, mwenye mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa hata kukata ukucha. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mlokole, mwenye sauti ya kwaya. Bomu likilia yeye anapandisha wimbo, Bibi anavuta tasbihi, na mimi natukana, na kila mmoja wetu aliamini yeye ndiye aliyelizuia lisitufikie. Wengine walitoka mitaa ambayo siku hizo watu wake hawakuwa wanasalimiana. Kwetu waliketi bega kwa bega wakigombania pasi. Buyenzi ilikuwa hivyo, ukiingia na Kiswahili chako, umeingia.

Halafu ikaja ambargo. Nchi za jirani zilitufungia mipaka, na vitambaa vikaadimika sawa na sukari. Mwenye duka akawa anapanga mirija mitupu ya karatasi ngumu nyuma ya rafu na vitambaa vichache mbele, ili duka lisionekane limefiwa. Zamani vipande vilivyobaki baada ya kukata tulikuwa tunavishindilia kwenye mito au kuwashia makaa. Bibi akapiga marufuku. Akaleta gunia la mchele, akalisimamisha pembeni mwa meza yake, na kila kilichodondoka kutoka kwenye mkasi kikaingia humo.

Kila Alhamisi mchana, kazi za wateja zikitulia, tulilimwaga lile gunia katikati ya baraza, tukachagua. Kila mmoja alibeba vipande vyake nyumbani, akavishona kwa mkono saa za kuvrefe, na Alhamisi inayofuata tukaviunganisha kwa mashini. Tulitoa mablanketi ya watoto, tukatoa mapazia, tukatoa kuvreli, yale matandiko makubwa ya kufunika kitanda kizima. Zilikuwa Alhamisi za vicheko hizo. Mwenye duka alituletea chai ya tangawizi na mandazi, kisha akakimbilia ndani, kwa sababu mazungumzo yetu hayakuwa ya kusikiwa na mwanaume aliyetawadha.

Gunia lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliiweka Bibi mwenyewe: gunia haliulizwi. Ukivuta kipande, husemi "hii nguo ilikuwa ya nani?" Tulishona nguo za watu wa pande zote. Mwingine nguo yake aliivaa akiwa hai, mwingine hakuwahi kuivaa. Ukianza kuuliza, mmoja atataja mtaa, mwingine atataja jina, na hapo baraza litavunjika. Mimi mwenyewe, pamoja na mdomo wangu wote, niliiheshimu sheria hiyo. Ilitufaa sana, mpaka siku ilipotuponza.

Sasa nije kwa bibi-arusi wetu. Alitufikia kutoka upande wa Uvira, binti mwembamba, baba na mama wameuawa kule na yeye amebaki. Alikuwa akiishi na shangazi yake, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye leo yuko huku kesho yuko ng'ambo, kwa hiyo binti alikuwa kama wetu sote. Alikuwa anashona kola ambazo hazikunji uso hata ufue mara ngapi. Alikuwa anacheka nasi, anatania nasi, lakini wazazi wake hakuwahi kuwataja, wala hatukumwona akilia hata siku moja. Sisi tulisema, mtoto huyu ana moyo wa chuma. Tulikuwa wajinga.

Akatokea kijana, fundi wa magari wa gereji moja kule Rohero, ameleta ovaroli yake imechanika goti. Binti akaishona. Wiki ile ile imechanika kwapa. Halafu mfuko. Halafu goti tena. Mimi nikamwambia, "Kijana, we unatengeneza magari ama unapigana nayo?" Akacheka akiangalia chini, na binti akainamia sindano yake. Tukajua. Mama wa Bukavu akaanza kuimba nyimbo za harusi hapo hapo, kabla kijana hajasema lolote, na maskini akaishia kusema.

Shida ilikuwa mama yake. Alikuwa akikaa Kanyosha, mjane, mkulima wa mihogo na mboga, mtu wa maneno machache. Hakumkataa binti waziwazi. Alisema hivi, na mwanawe alituletea maneno yenyewe yakiwa ya moto: "Mutoto asiye na watu, siku nimegombana naye nitamupeleka kwa nani? Nani atamukanya, nani atamutetea? Muke haolewi peke yake." Akasema atangoja siku ya kufungua mizigo, ndipo atoe neno.

Siku hiyo kwetu ni mtihani. Harusi ikikaribia, wanawake wa upande wa bibi-arusi wanapeleka vitu vyake kwa mume, vimefungwa kwa vitenge. Mashangazi wa kule wanafungua mbele ya watu wote, wananyanyua kimoja kimoja juu, wanakichungulia, wanasema. Sufuria inagongwa, shuka inanyooshwa. Mwenye neno la mwisho ni mama wa bwana-arusi. Akisema "wekeni ndani," umepokelewa. Akisema "fungeni," mizigo inarudi ilikotoka, na wewe nyuma yake na aibu yako kichwani. Binti alimpenda yule kijana, tena sana, na hakuwa na kwingine kwa kwenda. Tukaapa kwamba mizigo yake haitarudi.

Tukaamua kumshonea kuvreli ambayo Kanyosha haijaona. Kila Alhamisi gunia lilimwagwa kwa ajili yake, na safari hii tulimwachia achague mwenyewe. Alikuwa na jicho huyo! Alipanga nyekundu kando ya maji ya bahari, njano kando ya kahawia, na kila ulipodhani amekosea unarudi nyuma hatua unaona amepatia. Kulikuwa na madamu mmoja wa Kiriri, mteja wetu wa kushuka na gari lake akiwa na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nikamshambulia kwa maneno matamu mpaka akatuachia mapazia yake ya zamani yawe bitana. Mapazia mazito, ya kung'aa. "Mutoto atalala ndani ya villa," nikasema, na Bibi akanikata jicho lakini akacheka.

Katika vile vipande alivyochagua binti kulikuwa na kimoja cha zambarau chenye ndege weupe. Alikipenda sana. Alikitafuta gunia zima mpaka akapata vingi, akavipanga kuzunguka katikati yote, ndege wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna aliyeuliza. Gunia haliulizwi.

Siku moja, kuvreli imekamilika na tumeianika kwenye kamba ya barazani tuipige pasi, mama mkwe akatokea. Hakutoa taarifa. Alishuka kwenye basi la Kanyosha na kikapu chake cha mboga za lengalenga, akatusalimia kwa heshima, akasema amekuja kuona mtoto anafanya kazi wapi. Bahati mbaya mtoto alikuwa ametumwa Rohero kupeleka suruali. Tukamkaribisha, tukamletea kiti, chai, mandazi. Mama wa Bukavu akaanza kumsifu binti kwa sauti ya mahubiri. Mimi nikamsaidia kwa kutia chumvi.

Yule mama hakutusikia. Alikuwa ameitazama kuvreli. Akasimama, akaisogelea, akanyoosha mkono, akaweka vidole juu ya ndege mmoja. Akavipitisha kwa wa pili, kwa wa tatu. Kisha akarudisha mkono kifuani, akachukua kikapu chake, akatoka. Hakunywa chai. Hakuaga! Kwetu mtu mzima kuondoka bila kuaga ni sawa na kukumwagia maji.

Bibi akaenda polepole mpaka kwenye kamba, akavaa miwani yake, akakishika kile kitambaa.

"Astaghfirullah," akasema. "Hii ni ya matanga."

"Matanga ya nani?"

"Mi mwenyewe njo niliikata. Walileta gora muzima, wakasema ni sare ya kuondoa matanga, familia yote. Mama aliyeileta alikuwa anatoka Kanyosha."

Kwa wasiojua, mtu akifa, baada ya muda familia hukusanyika kumaliza kilio, na mara nyingi wanavaa kitambaa cha aina moja, kizuri, kipya, ili maisha yaanze tena. Ni nguo nzuri, lakini ina kazi yake. Haiendi disko, haiendi kwenye kitanda cha maarusi. Na sisi tulikuwa tumeizungusha katikati ya kitanda cha maarusi, tena mbele ya macho ya mama mkwe wa Kanyosha. Bila shaka aliitambua. Bila shaka ndiyo sababu uso wake uliganda.

Ugomvi uliozuka siku ile, ah! Bibi alisema ifumuliwe yote, kila ndege. Mama wa Bukavu akasema iombewe tu. Mimi nikasema waiache. "Ameisha iona!" nilipiga kelele. "Tukiitoa ni kama tunakiri uchawi! Mutu alishaona panya mu chungu, we unaficha chungu?" Bibi akakaa, akatoa wembe wa kufumulia, akasema kwa upole ulionitisha zaidi kuliko makelele yangu: "Mi njo niliweka sheria ya kutouliza. Mutoto wa watu atafukuzwa juu yangu? Apana. Leteni."

Binti aliporudi kutoka Rohero tulikuwa tumeketi tumeizunguka kuvreli tunafumua. Tukamweleza. Alichukua wembe akakaa pembeni yangu, na nilimwona akifumua ndege mmoja mmoja taratibu mno, asimuumize.

Tukabaki na matundu, na gunia lilikuwa limebaki na vikamba tu vya kijivu na kaki. Tulichagua mpaka chini, hakuna kitu cha kumpelekea mtu. Mwenye duka alichungulia, akatazama matundu, akatazama rafu zake za mirija mitupu, akakuna ndevu. Ndipo mama wa Bukavu akasimama, akageuza pindo la kitenge alichovaa, kile chake cha kanisani, akamwambia Bibi: "Kata."

"Kata wapi?"

"Kata pindo. Mi ni mufupi, Mungu alinipa kitenge kirefu juu ya siku kama hii."

Tulicheka mpaka tukashikana. Lakini Bibi akakata. Kisha wa pili akageuza pindo lake, na wa tatu, na mimi nikatoa upande wa nyuma ya blauzi yangu, nikaahidi sitampa mtu mgongo mpaka Idi. Mwenye duka akatoka mbio na mikono juu ya macho akisema "Niambieni mukimaliza! Niambieni mukimaliza!" Bibi mwenyewe alikata kwenye mtandio wake wa Ijumaa. Kabla ya kuvrefe matundu yalikuwa yamejaa. Tukatoka pale tumepungua nguo lakini tumepona roho, au tuliamini hivyo.

Siku ya mizigo tulipanda basi la Kanyosha tumebeba kila kitu vichwani na mapajani. Barabara ilikuwa imefunguliwa asubuhi ile. Askari wa kizuizi akatufungulisha furushi moja, akaona kuvreli, akatuuliza inauzwa, nikamwambia aoe kwanza. Binti peke yake hakucheka. Nilikuwa nimemshika mkono.

Uani kwa mama mkwe watu walikuwa wamejaa. Mashangazi wakaanza kazi yao. Sufuria zikagongwa, zikasifiwa. Shuka zikanyooshwa, hazina neno. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, uso hausomeki. Kimya kina mshindo mkuu, na kimya cha mama yule kilikuwa kinanipigia ngoma masikioni. Mwisho wakaifungua kuvreli. Shangazi wawili wakaishika ncha, wakaitandaza juani, na wallahi ilikuwa nzuri. Ua mzima ukasema "Yooo!" Mtoto mmoja akataka kulala juu yake.

Mama mkwe akainuka. Akaja mpaka katikati ya kuvreli, akainama. Akatafuta kwa mkono upande huu, akatafuta upande ule. Akainua pembe akaangalia chini yake, kwenye mapazia ya Kiriri.

"Iko wapi?" akauliza.

Mashangazi wakaangaliana.

"Ile ya ndege. Ilikuwa hapa. Niliiona na macho yangu. Iko wapi?"

Nikamtazama Bibi, Bibi akatazama chini. Mimi niliyezaliwa na mdomo, mdomo ulikauka. Aliyejibu ni binti. Alipiga magoti kama inavyopasa, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Mama, tuliitoa. Tulijua ni ya matanga. Tulifikiri umekasirika."

Yule mama akakaa chini, hapo hapo juu ya kuvreli, na machozi yakamtoka bila sauti. Alisema, na sikumbuki neno la Kiswahili lililowahi kunichoma hivyo: "Mutoto wangu mukubwa alipanda basi kwenda Gitega kutafuta biashara. Basi walilitega njiani. Sikupata mwili. Sina kaburi. Ile kitambaa njo kitu kimoja nilimufanyia. Siku ile nilipoiona kwenu, nilisema mu moyo, kumbe mutoto huyu anajua! Ameniletea kaka ku arusi ya mudogo wake. Nilishindwa hata kuaga, kilio kilikuwa kinanikaba. Nimekaa wiki nzima namungojea. Na leo nafungua, mumemutoa."

Nilisikia aibu, tena si ndogo. Sisi tulimwona uso umeganda tukadhani ni hasira. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyepanda basi la Kanyosha kumwuliza. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini sisi tulikuwa tumejifunza kutouliza mpaka ikawa adabu.

Mama mkwe akajifuta kwa ncha ya kitenge. Akasimama, akawageukia mashangazi.

"Fungeni," akasema.

Mama wa Bukavu akashika kichwa kwa mikono miwili. Bibi akanong'ona "Inna lillahi" kama mtu amekufa. Mashangazi wakafunga mizigo bila kututazama, na kijana, bwana-arusi wetu wa ovaroli, akasimama mlangoni amekunja uso kama mtoto aliyepigwa. Binti alibaki amepiga magoti. Hapo mimi nikalipuka. Nikasema mama, kama ni kosa ni letu, sisi wakubwa, mtoto alikuta tumeisha anza kufumua, na kama unataka mtu wa kugombana naye, niko hapa, watu wake ni sisi, na tuko wengi kuliko viti vyako!

Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini. "We una kelele," akasema. "Nimesema fungeni ile kuvreli tu. Vingine wekeni ndani. Bado haijaisha, mutatandikaje kitu haijaisha?" Akachukua kuvreli akaiweka kichwani mwake mwenyewe. "Twende. Basi linaondoka."

Tulirudi Buyenzi tumebanana kwenye kiti kimoja, mama mkwe dirishani, binti katikati, mimi pembeni nimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nibarikiwe ulimi. Mwenye duka alituona tunashuka na kuvreli akadhani tumerudishwa, akaanza kufunga milango kwa huzuni. Tukamkemea afungue.

Ndege walikuwepo. Nani anatupa kitambaa wakati wa ambargo? Tulikuwa tumewarudisha kwenye gunia. Bibi alilimwaga lote barazani, akatafuta kwa magoti, akamkabidhi mama mkwe kipande kimoja kimoja kwa mikono miwili, akimwomba radhi kwa kila kimoja. Yule mama akavipokea, akavipanga upya. Hakutaka tuondoe mapindo yetu. Alisema hao ni mashahidi, wakae. Akatafuta nafasi kati ya kitenge cha kanisani na mtandio wa Ijumaa, akaketi, akaanza kushona kwa mkono. Alikuwa anashona vibaya, mishono mirefu, wala hakuna aliyethubutu kumwambia, hata mimi.

Alipomaliza ndege wa mwisho akamwita binti aketi karibu. Akavuta lile lundo la vipande lililokuwa sakafuni, akaliweka kati yao wawili.

"Baba yako alikuwa anapenda rangi gani?"

Barazani miguu yote ilisimama juu ya mashini. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto huyo kitu kama hicho. Binti akaanza kupekua vipande.

"Baba alikuwa anachukia maua," akasema. "Alikuwa anasema maua ni ya mapazia."

Tukacheka, tukashangaa kwamba tunacheka. Mama mkwe akatafuta, akatoa kipande cha kaki chenye mistari, kile kile ambacho tulikuwa tumekidharau. Binti akatikisa kichwa, ndiyo, huyo ndiye. Mama mkwe akakiweka pembeni mwa ndege.

"Na mama?"

"Mama alikuwa na kitenge ya njano," binti akasema. "Njo alikuwa amevaa ile siku."

Akaishia hapo. Uso wake ukavunjika, na yule mtoto wa moyo wa chuma akalia kwa sauti mpaka watu wakasimama barabarani. Alilia kilio cha miaka. Bibi alitaka kumnyamazisha, mama mkwe akamzuia kwa mkono. "Muacheni. Hakupata matanga huyu." Mwenye duka akaingia ndani bila kuambiwa na mtu, nikasikia akipangua mirija mitupu, akatoka na kitenge kipya cha njano ambacho sikujua kama bado alikuwa nacho, akampa Bibi akate.

Binti alipotulia, mama mkwe akamwekea vipande viwili mapajani, cha mistari na cha njano.

"Hawa shona we mwenyewe," akamwambia. "Ule wa ndege ni wangu, hawa ni wako. Wote watalala kwetu."

Binti akajaribu kutunga uzi akashindwa, macho yalikuwa bado yamejaa maji. Nikamnyang'anya sindano, nikamtungia.